Kufuli la Kibanda cha Vyombo

Siku watu wa tamasha walipokuja kwetu mara ya kwanza, nilichoangalia ni viatu vyao. Ilikuwa masika, njia ya kutoka barabarani mpaka kwa sheha ni matope matupu, na viatu vyao vilikuwa vikavu. Maana yake gari lilikuwa limewafikisha hadi mlangoni, limekwepa dimbwi kwa kupita juu ya muhogo wa watu, na hakuna aliyeshuka kuomba radhi. Wenzangu waliona tabasamu na fulana nzuri. Mimi niliona viatu. Wananiita mtu wa dhana mbaya, na jina hilo sijapata kulikataa.

Walikuwa watatu. Aliyesema zaidi alikuwa kijana mrefu wa kutoka Unguja aliyejitambulisha kuwa ni mratibu, nasi tukamwita Mratibu mpaka leo. Alisema kijiji chetu, hapa upande wa kusini karibu na Chokocho, kimechaguliwa. Kutakuwa na siku tatu za ngoma, mashairi, mikeka na vyakula vya asili katika uwanja wa skuli, na wageni watatoka bara na ng'ambo. Neno lake kubwa lilikuwa fursa. Fursa kwa vijana, fursa kwa akina mama, fursa kwa wavuvi. Nilipochoka kulisikia nikamuuliza jukwaa litajengwa na nani, kwa kuwa kijijini tuna maseremala na hawana kazi. Akasema hilo ni swali zuri sana, kisha akamgeukia mtu mwingine.

Jukwaa lilikuja kwa meli hadi Mkoani, limekwisha kukatwa na kutobolewa. Mahema yalikuja hivyo hivyo, na vyoo, na watu wa kuvisimamisha. Maseremala wetu walipewa kazi ya kushika ngazi.

Lakini yote hayo ningeyatazama kutoka barazani kwangu na kuyasema kwa ulimi tu, kama wangeyaacha masufuria.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kibanda cha mawe na udongo. Ndani yake mna masufuria makubwa, masinia, miiko na majamvi ya mtaa. Si mali yetu. Bibi yake mama aliyanunua kwa karafuu zake, akayaweka wakfu, yalishe watu penye shughuli: maziko, khitma, maulidi, harusi. Tangu hapo yanakaa kwetu, na mwanamke wa nyumba hii ndiye mtunzaji. Hayakodishwi. Mwenye shughuli hutuma mtu aje kusema, na mjumbe huyo hajamaliza kunywa maji, wanawake wamekwisha kuingia kibandani wenyewe, kila mmoja anajua anachukua nini. Hakukuwa na kufuli. Mlango ulifungwa kwa kamba ya usumba ili mbuzi wasiingie. Na anayekuja kupika hapewi ujira wala haulizi. Akifiwa naye atapikiwa, akioza binti atapikiwa, na hivyo ndivyo tulivyoishi bila ya mtu kutuandalia semina.

Wakati huo mama alikuwa kitandani. Miguu ilikuwa imemkataa, lakini masikio yalikuwa mazima, na kitanda chake tulikiweka dirishani ili asikie mtaa. Alikuwa mtunzaji kabla yangu. Alikuwa amepika wali wa maziko ya karibu kila nyumba unayoiona ukisimama kisimani. Jambo moja alikuwa akinikumbusha mara kwa mara, tena bila huzuni, anasema tu, utafikiri ananiagiza chumvi.

"Mwanangu, miye siku yangu nataka nipikiwe na watu. Nsipikiwe na vibarua."

Nilimuahidi. Kwa hiyo Mratibu alipokuja kuuliza habari ya masufuria, nilimtazama kwa jicho baya tangu akiwa uchochoroni.

Hakuja peke yake. Aliletwa na shoga yangu, na hilo ndilo lililonichoma. Huyu tulikaa mkeka mmoja chuoni tukisoma juzuu, tukapigwa bakora moja. Hakuna anayemshinda kwa wali wa watu wengi: hupalia makaa juu ya kifuniko, akakaa pembeni akisema mambo yake, na akifunua hakuna punje iliyoungua. Mumewe alikwenda bara kutafuta kazi, na ilivyoonekana alikuwa bado anaitafuta. Nyumba yake ilikuwa ya makuti na ilivuja. Alitaka bati. Hilo nilijua, na sikumlaumu kwa kutaka bati, nilimlaumu kwa kumleta yule mtu kwangu kwa mlango wa nyuma.

"Bi mkubwa, tunaomba tuyakodi," alisema Mratibu.

"Hayakodishwi."

"Basi tutachangia chochote."

"Huko ni kukodi kwa jina jingine," nikamwambia.

Shoga yangu akaguna. "Weye nawe. Yakae humo na mijusi mpaka ntu afe?"

"Wataka kupika cha kuuza ndani ya wakfu?"

"Nataka kupika watu wale. Kwani wageni si watu?"

Nikasema tumuulize mama. Nilikuwa na yakini atakataa. Tukaingia, tukamweleza, naye akasikiliza huku anauchambua mkunjo wa shuka kwa vidole. Akasema bibi yake alisema vyombo vilishe watu, hakusema watu wa wapi. Nikamuuliza, na kuuza je? Akafumba macho.

"Kuuza miye silijui. Mulijualo nyie."

Shoga yangu akaondoka anacheka. Nilikubali kwa shingo upande. Masufuria yakapakiwa kwenye gari la ng'ombe, nami nikayafuata nyuma kwa miguu hadi uwanjani. Sikwenda kupika, nilikwenda kuyalinda.

Sitasema uongo, uwanja ulipendeza. Ngoma ilipigwa vizuri, wazee wa ngoma ya msewe walirudi ujana kwa muda, na wanawake wenye mikeka waliuza mpaka ile waliyokuwa wameikalia. Chini ya hema kubwa kulikuwa na wapishi, waliochaguliwa wachache na kupewa fulana za manjano za kuvaa juu ya madera yao. Lakini sufuria kubwa likiwekwa juu ya mafiga kwetu, wanawake hawasubiri kuchaguliwa. Walikuja wote. Huyu anapeta mchele, huyu anakuna nazi, huyu anakosha masinia, na wenye fulana na wasio na fulana huwezi kuwatenga. Mratibu alipita, akauliza hawa wengine ni nani. Shoga yangu akamjibu ni watu wa mtaani. Akauliza wanafanya nini. "Wapika," shoga yangu akamwambia, huku anamtazama kwa mshangao wa kweli.

Utaratibu wake ulikuwa hivi: mgeni anunue tiketi langoni, aingie hemani, atoe tiketi, apewe sahani. Kila mtu alikuwa ameelezwa, tena kwa kipaza sauti. Kisha wageni wakaingia. Wanawake wakawaletea maji ya kunawa, kama inavyopaswa, wakawakaribisha jamvini, wakawawekea sinia. Nani amuulize mgeni tiketi na mkono kishaunawa? Wenye tiketi walikula, na wasio nazo walikula, na watoto wa skuli walikula. Wala haikuishia hapo. Kila sufuria likifunuliwa, mmoja anachota bakuli la jirani mwenye mtoto mchanga, mwingine la mwalimu wa chuo, mwingine la mgonjwa. Bakuli moja lilikwenda kwa mama, na mimi ndiye niliyelibeba. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Sufuria la shughuli likipikwa, bakuli hutoka.

Mchana haujafika, chakula kilikwisha. Wageni wengi bado walikuwa jukwaani wanatazama ngoma, wameshika tiketi zao mkononi.

Mratibu akaja na uso umebadilika. Hakupiga kelele, alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake iliniudhi kuliko kelele. Aliuliza mchele uliotolewa asubuhi umekwenda wapi. Wanawake wakatazamana. Kila mmoja alijua alichokitoa yeye, bakuli moja au mbili, kitu kidogo, na hakuna aliyejua mwenzake ametoa ngapi. Basi kila mmoja akaanza kuwaza kuwa upo mkono mwingine, mrefu. Nilimuona mke wa muuza samaki akimtazama shoga yangu. Nilimuona shoga yangu akinitazama mimi. Mimi nilikuwa nikimtazama Mratibu, kwa sababu sikuona kwa nini asidhaniwe yeye, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya mchele.

Siku ya pili tulikuta kamba. Hema limezungushiwa kamba ya plastiki, na mlangoni wamekaa mabinti wawili wa kutoka mjini wenye simu kubwa, wanapokea tiketi. Wenye fulana ndani, wasio na fulana nje. Wanawake waliokuja na mbuzi zao za kukunia nazi walisimama kidogo pale kwenye kamba, wakakaa chini, wakatazama wenzao wanavyopika. Hakuna aliyecheka. Sijapata kuona jambo la namna ile kijijini kwetu, sufuria liko motoni na watu wamekaa wanalitazama.

Siku ya mwisho yakaja malipo. Kama Mratibu angewaweka wote pamoja jamvini na kuwapa mbele ya macho ya wote, pengine yasingetupata yaliyotupata. Alimwita kila mmoja peke yake nyuma ya jukwaa. Mtu anaingia, anatoka mkono uko ndani ya kanga, anakwenda zake. Hakuna aliyesema amepata nini. Waliopata zaidi walinyamaza wasionewe choyo, waliopata kidogo walinyamaza wasionekane wamedharauliwa. Watu hawa wamezaa pamoja, wameoshana maiti zao, wanajuana hadi ovu la ndani, na siku ile walirudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake.

Nitayasema na mazuri, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Shoga yangu aliezeka bati. Vijana wa bodaboda walitengeneza pikipiki zao. Bei ya mkeka ilipanda na haijarudi chini, na wasichana waliokuwa wakiona haya kusuka ukili sasa wanasuka. Ila na pweza alipanda, na mayai yalipanda, na hayo tunayanunua sisi. Wavuvi walikuwa wameonja bei ya hemani, na mtu akishaionja hiyo, ukimkumbusha ujirani anakutazama kana kwamba unamwibia.

Masufuria yalirudi yamesuguliwa. Lile kubwa lilikuwa limebonyea ubavuni, na kifuniko chake hakikuwepo. Nilimuuliza shoga yangu, akasema hakukiona. Nikamuuliza tena, akasema nisimuulize kama polisi. Nilikwenda dukani siku hiyo hiyo nikanunua kufuli. Lilikuwa la shaba, zito, na nililifunga mlangoni mbele ya watu ili walione. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu.

Mama alisikia mlio wa chuma akiwa pale dirishani. Akaniuliza ni nini, nikamwambia ni kufuli. Akaomba maji.

Shoga yangu hakuja kwangu kwa muda mrefu baada ya hapo. Nilisikia kuwa yeye na wenye fulana wameunda kikundi, wanaitwa kupika huko Chake, kwenye mikutano na hoteli. Tukikutana kisimani tulisalimiana salamu ya watu wa mitaa miwili, hujambo sijambo, kila mtu na ndoo yake. Niliona uchungu, lakini sikuwa na nia ya kuwa wa kwanza.

Kisha ikaja khitma ya mzee mmoja jirani. Mjumbe alikuja, nikafungua kufuli, nikangoja. Walikuja wachache. Wenye kikundi walikuwa Chake. Mmoja alituma salamu kuwa mgongo unamuuma, na nilijua mgongo wake ni mzima kwa sababu jana yake nilimuona na mzigo wa kuni. Na mwali mmoja, mke wa juzi tu, aliyekuwa amepata fulana ile siku ya pili ya tamasha lakini kikundini hakuingizwa, akanisogelea huku ninapeta mchele akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Shangazi, leo kuna chochote?"

Aliuliza kwa heshima. Ndiyo maana sikuweza kumkaripia. Nikamwambia kuna thawabu, naye akaitikia, akapika kwa bidii kabisa, lakini mimi akili haikuwa kwenye maji niliyokuwa nikiyapima. Wali ule ulitoka bokoboko, tukawaomba watu radhi.

Nilikosea kumsimulia mama. Nilidhani atakasirika pamoja nami, tupate kukasirika wawili. Badala yake aligeuza uso ukutani. Baadaye sana, nilipokuwa nimeshasahau tulikuwa tunasema nini, akauliza, "Na siku yangu je?" Nikamwambia siku yako watajaa, mama. Sikuamini nilichokuwa nikisema, na yeye alijua kuwa siamini. Tangu siku hiyo nilikuwa nikihesabu nyumba kichwani: huyu atakuja, huyu hatakuja, huyu atakuja akilipwa. Nilifika mahali nikafikiria kuweka akiba ya kuwalipa kwa siri, asijue mtu, ilimradi waje. Niliposikia nafsi yangu inawaza hivyo nikamlaani Mratibu kwa jina lake na la babaake.

Mama alifariki asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, huku mkono wake uko mkononi mwangu. Kaka zangu wakatoka kwenda kuarifu watu na kuchimba kaburi. Mimi na shangazi mmoja tukabaki na maiti. Tuliteremsha pazia, tukateka maji, akaja bi mkubwa anayeosha, tukaanza. Kazi ile haina haraka na haina mazungumzo. Sikukumbuka masufuria. Sikukumbuka kuwa ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga niliyokuwa nimejifunga kiunoni, na kanga hiyo imelowa.

Tulikuwa tumefika kwenye nywele zake niliposikia jiwe linagonga chuma nyuma ya nyumba. Likagonga, likanyamaza, likagonga tena kwa nguvu. Nilijua palepale ni mlango wa kibanda. Na nitasema kweli nilichokiwaza: niliwaza kuwa wanaiba. Mama yangu yuko mbele yangu, maji yanamtiririka, na mimi nawaza kuwa watu wamejua siwezi kutoka, wamekuja kuchukua masufuria wapeleke Chake. Shangazi aliniona nimeinua kichwa. Akanigusa mkono, tukaendelea.

Kisha nikasikia masinia. Kisha maji yanamiminwa, na ungo, na mbuzi za nazi nyingi kwa pamoja, na sauti ya mtu anayesema huyu apunguze kuni na yule asisimame upande wa moshi. Sauti ile niliijua tangu chuoni.

Tulimzika adhuhuri. Watu walikula kwa makundi, ndani na nje, na majamvi hayakutosha wakatandika mikeka ya kuuzia wageni. Nilikaa pale pa mfiwa, nikiwatazama wanaopita na masinia. Mwenye mgongo alikuwepo. Wenye kikundi walikuwepo wote, na nilisikia baadaye kuwa kulikuwa na kazi ya hoteli siku hiyo hawakwenda. Yule mwali alikuwa anapita na ndoo za maji, kanga imemlowa mpaka magotini. Nilijiuliza nani amemlipa. Hakuna aliyemlipa. Nimeuliza, tena zaidi ya mtu mmoja.

Shoga yangu alikuja kwangu watu walipopungua. Mkono mmoja ameshika sahani yangu, na mwingine tambara la kushikia vyombo vya moto. Tambara lenyewe ni ile fulana ya manjano, imechanika bega na imejaa masizi.

"Kula," akasema.

"Kifuniko cha sufuria kubwa kilikuwa wapi?" Nilishangaa mwenyewe kuwa hilo ndilo neno lililonitoka.

"Hatukukiona. N'mefunika kwa sinia." Akakaa kando yangu, magoti yakamlia. "Kufuli n'melivunja. Nshakwambia usije ukadhani mwizi."

"Ungebisha hodi nikakupa ufunguo. Nilikuwa nao hapa."

"Najua ulikuwa nao. Ulikuwa wamkosha mamako. N'kuinue kwa ajili ya ufunguo?"

Nilikula. Wali ulikuwa mzuri, hakuna punje iliyoungua. Nilipomaliza nililifungua pindo la kanga, nikautoa ufunguo, nikauangalia. Kisha nikaufunga tena palepale, kwa sababu sikujua pa kuuweka.